Sumu Tunayoiita Dawa

Liko neno moja katika lugha yetu ambalo nimelitumia tangu utotoni bila kulitilia shaka, na ambalo mwaka jana lilinitia aibu mlangoni pa jirani yangu. Neno lenyewe ni dawa. Anachonyweshwa mtoto mwenye homa ni dawa. Kinachopulizwa jikoni mende wakalala chali ni dawa. Chambo kinachomwua panya ni dawa, na kile kinachonyunyiziwa waridi la bustanini ili wadudu wasilifikie ni dawa pia. Lugha haina kosa. Kosa ni letu sisi tunaodhani kwamba vitu vyenye jina moja vina tabia moja.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaishi katika ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga jijini Nairobi. Sina shamba hapa mjini. Nina roshani, na katika roshani hiyo nimepanga magunia saba ya udongo yaliyotobolewa ubavuni, ambamo hustawi sukuma wiki, spinachi na dania. Mwenye nyumba alikwisha kuifunika roshani kwa vioo kwa sababu ya vumbi na wezi, kwa hivyo bustani yangu, kwa kusema kweli, imo ndani ya nyumba. Simo peke yangu katika jambo hili. Kuanzia Kibera hadi Kayole utayaona magunia ya mboga milangoni na madirishani, na mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria mahususi ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Ni jambo la kupongezwa. Mkono unaolima haulali njaa.

Lakini vidukari nao waliipata habari ya bustani yangu. Waliingia kidogo kidogo, kijivu kama majivu, wakajibanza chini ya majani ya sukuma hadi majani yakajikunja na kunata. Nikaenda kwa mwuza miche mmoja kando ya barabara, nikamweleza shida yangu. Akainama chini ya meza yake, akatoa chupa ya soda iliyojaa nusu maji ya rangi ya maziwa. Akaniambia kwamba hiyo ndiyo dawa anayoitumia kwa maua yake, na kwamba nichanganye kifuniko kimoja kwa lita moja ya maji. Chupa haikuwa na kibandiko chochote isipokuwa kile cha soda. Nilimlipa nikamshukuru. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka thelathini, nilinunua chupa isiyosomeka.

Jioni ile ya Jumamosi nilifunga madirisha ya roshani ili upepo usinisumbue, nikanyunyizia magunia yote saba. Kwa kuwa vidukari walikuwa wengi, nilitia vifuniko viwili badala ya kimoja. Nilijiambia kwamba dawa nyingi ndiyo iponyayo haraka. Usiku ule kichwa kiliniuma, nikalaumu jua.

Siku ya Jumatatu niliporudi kutoka mjini nilikuta baadhi ya matawi ya sukuma yamechumwa. Mke wangu, ambaye sikuwa nimemwambia lolote, alikuwa amelifunga fungu zuri akampelekea jirani yetu wa mlango wa pili, mama mwenye mtoto wa miaka minne. Nilitoka na kandambili mguu mmoja.

"Hodi, Mama Shiru."

"Karibu, Mwalimu. Mbona unahema hivyo?"

"Zile mboga alizokuletea Mama nyumbani. Naomba unirudishie."

Alicheka. "Kumbe siku hizi zawadi hurudishwa, Mwalimu?" Kisha akaniona uso wangu, akaacha kucheka. Mboga zilikuwa tayari zimekatwa, zimo ndani ya sufuria, na kitunguu kilikuwa kinakaangwa. Mtoto alikuwa ameketi pale pale sakafuni akichezea kikonyo cha sukuma. Nilimnyang'anya kikonyo kile mkononi, akalia. Sisahau kilio kile, na kila ninapokikumbuka hushukuru kwamba kilikuwa cha hasira tu.

Siku iliyofuata niliichukua ile chupa, nikaifunga ndani ya mfuko, nikampelekea afisa mmoja wa kilimo ninayemfahamu. Aliniuliza maswali matatu. Ni sumu ya aina gani? Imeruhusiwa kwa zao gani? Na baada ya kuinyunyizia, husubiriwa siku ngapi kabla ya kuvuna? Sikuweza kujibu hata moja. Alinitazama kwa upole akasema kwamba hata yeye hawezi kunijibu, kwa sababu chupa haisemi. Hadi leo sijui ni kitu gani nilichokinyunyizia chakula changu. Niling'oa mboga zote, nikatupa na udongo. Ndipo nikaanza kujifunza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kununua gunia la kwanza.

Jambo la kwanza ni hili: kuta haziisamehe sumu. Shambani, mche ulionyunyiziwa hupigwa na jua kali, hunyeshewa na mvua, na hupeperushwa na upepo. Hayo yote husaidia kuivunja ile sumu na kuipunguza. Ndani ya nyumba mambo hayako hivyo. Mionzi ya jua inayovunjavunja kemikali nyingi huzuiwa kwa kiasi kikubwa na vioo, mvua haiingii, na hewa hutulia. Sumu ambayo nje ingedumu kwa muda mfupi huweza kukawia ndani, juu ya majani, juu ya sakafu, na juu ya mapazia.

Sisi Wakenya tuna mfano wetu wenyewe wa jambo hili. Pareto, lile ua jeupe lililoanza kulimwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambalo kwa miaka mingi liliifanya Kenya kuongoza ulimwengu katika zao hilo, hutoa sumu ya wadudu inayosifika kwa sababu haikawii. Ikiachwa juani huharibika upesi. Lakini wenye viwanda walitaka kitu kitakachostahimili jua, na mwaka 1973 wanasayansi wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza permethrini, ambayo ni mwigo wa ile sumu ya pareto uliotengenezwa maabara na usiovunjwa upesi na jua. Kutokana na jamii hiyo ndiko zilikotoka nyingi za dawa za kupuliza mbu na mende tunazouziwa madukani. Sasa chukua kitu kilichoundwa ili kidumu, ukipulize mahali pasipo na jua wala mvua, juu ya jani utakalolila keshokutwa. Je, hapo umeua mdudu au umejiandalia kitoweo cha sumu?

Aidha, mkebe wa kupuliza mende haukukusudiwa kabisa kunyunyiziwa mboga. Pamoja na sumu yenyewe, mara nyingi mna mafuta ya jamii ya mafuta ya taa ya kuibeba ile sumu. Mafuta hayo huchoma majani, nayo hayakupimwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Najua wako watu wanaofanya hivyo kila wiki, na wengine ni wasomaji wa safu hii.

Jambo la pili lilinishtua zaidi. Nilikuwa nimejifariji kwamba mboga ikioshwa huwa safi. Kuosha ni jambo jema, na maji yanayotiririka huondoa sehemu ya sumu iliyokaa juu ya jani. Lakini ziko sumu ambazo hazikai juu. Hunywewa na mche kupitia majani au mizizi, zikasafiri pamoja na maji ya mche hadi kila tawi na kila tunda, ili mdudu anayefyonza popote pale afe. Sumu ya namna hiyo haioshwi, haimenywi, na chumvi haiitoi. Nyingi za dawa za maua ya chungu, zikiwamo zile punje zinazofukiwa kwenye udongo, ni za jamii hii. Ni nzuri kwa waridi kwa kuwa hakuna alaye waridi.

Wamarekani walilipata somo hili mwaka 1985. Katika jimbo la California watu walianza kuugua baada ya kula matikiti maji wakati wa sikukuu yao ya mwezi wa Julai. Uchunguzi ulionyesha kwamba matikiti hayo yalikuwa na aldikabu, sumu inayonywewa na mche, ambayo haikuwa imeruhusiwa kamwe kwa matikiti. Watu zaidi ya 1,000 waliripotiwa kuathirika, na matikiti yakaharibiwa kwa wingi. Ganda la tikiti ni nene kuliko jani lolote la sukuma, lakini halikumkinga mlaji. Sumu haikuwa kwenye ganda. Ilikuwa ndani ya nyama ya tunda.

Jambo la tatu ni hesabu ya siku. Kila sumu iliyosajiliwa kwa zao la kuliwa huandikwa muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Huenda ukawa siku tatu, saba, kumi na nne au zaidi, kulingana na sumu na zao. Mkulima wa mahindi hana taabu na hesabu hiyo, maana yeye huvuna mara moja. Lakini sisi wenye sukuma wiki huchuma majani ya chini leo, na ya juu yake wiki ijayo, na mche ule ule hutulisha miezi mingi. Nyanya nazo huiva moja moja. Kwa hiyo anayenyunyizia leo sumu ya siku kumi na nne, ni sharti afunge duka lake la mboga kwa siku kumi na nne kamili, na kila mtu wa nyumba ile ajue hivyo, akiwamo mke, msaidizi wa nyumbani na mtoto anayetumwa kuchuma. Mimi sikumwambia mke wangu. Hilo lilikuwa kosa langu, wala si la mwuza miche.

Huenda msomaji akauliza: mbona hayo hayasemwi kwa sauti? Ukweli ni kwamba husemwa, ila husemwa mahali penye fedha. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa maharagwe machanga na njegere za maganda kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya sumu, hasa dimethoeti. Kilio kikawa kikubwa. Wakulima walipoteza soko, wataalamu wakafunzwa, na matumizi ya sumu ile kwa mboga yakapigwa vita. Nami nafurahi kwamba mlaji wa Ulaya alilindwa. Ninachouliza ni nani anayelipima fungu langu la sukuma linalotoka roshani hadi mlango wa pili. Hakuna. Chakula kinacholimwa nyumbani hakipitii kwa mkaguzi yeyote. Anayekilima ndiye mkulima, ndiye mkaguzi, na ndiye daktari wa afya ya umma, hata kama hakujiteua.

Sheria ipo. Tangu mwaka 1982 tunayo Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, iliyounda bodi ya kusajili bidhaa hizo na kusimamia uuzaji wake. Kwa mujibu wa utaratibu huo, sumu haifai kuuzwa bila kusajiliwa wala bila kibandiko chake. Kibandiko halali hutaja kiini cha sumu, zao lake, kipimo chake na siku za kusubiri, na chini yake huwa na utepe wa rangi: mwekundu kwa sumu kali kupita zote, kisha wa manjano, kisha wa samawati, na wa kijani kwa ile isiyotarajiwa kudhuru sana ikitumiwa inavyotakiwa. Hata asiyejua kusoma anaweza kuitambua rangi nyekundu. Lakini ile sumu ikishamiminwa katika chupa ya soda, utepe umekwenda, hesabu ya siku imekwenda, na lililobaki ni neno la mwuzaji. Isitoshe, mtoto anapoiona chupa ya soda hadhani kuwa ni sumu. Hudhani kuwa ni soda.

Siwezi kumtwika mwuza miche lawama zote. Yeye hupunguza kipimo kwa sababu mteja wake ana magunia saba, si ekari saba, wala hana fedha za kununua chupa nzima. Umaskini ndio unaogawa sumu kwa vifuniko. Kwa hivyo nina haya ya kuwaomba wahusika. Watengenezaji na watawauze watu wa mjini pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani, kila moja na kibandiko chake kwa Kiswahili kinachosomeka, si maandishi madogo kama siafu. Mikebe ya mende na dawa za maua na iandikwe kwa herufi kubwa kwamba si ya mboga. Na maafisa wa kilimo, ambao desturi yao ni kuzuru mashamba, wapande ngazi pia. Kuna wakulima huku juu ghorofani.

Ama wewe msomaji mwenye gunia lako, usiningojee mimi wala serikali. Anza na mkono. Kila asubuhi geuza majani uyatazame upande wa chini, na ukiwaona vidukari wachache, wapangusie vidole au kitambaa chenye maji. Jani lililojaa likate ulitoe nje. Wakizidi, changanya kijiko kidogo cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji, uwanyunyizie jioni hadi walowe, kisha suuza majani kwa maji matupu kabla ya kupika. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, maana huunguza majani. Weka wavu dirishani. Tundika kibao cha manjano kilichopakwa mafuta mazito, nao nzi weupe watanasa. Usizidishe mbolea, kwa kuwa jani laini kupita kiasi ndilo wapendalo vidukari. Na ukiwaona wale wadudu wadogo wekundu wenye madoadoa meusi mgongoni, usiwaue. Hao hula vidukari, na ndani ya nyumba hukosekana kwa sababu tumewafungia nje pamoja na mvua.

Wala usidanganyike kwamba kila kitokacho mtini ni salama. Wako wanaochemsha tumbaku na kuinyunyizia mboga, wakisema ni dawa ya asili. Nikotini iliyomo ndani ya tumbaku ni sumu kali, nayo hupenya ngozi ya anayeikamua. Mwarobaini ni afadhali sana, lakini nao una kipimo na kibandiko chake ukinunuliwa dukani.

Ikiwa huna budi kutumia sumu ya dukani, basi nunua iliyofungwa na iliyosajiliwa, inayotaja mboga yako kwa jina na kuruhusu mahali unapolima. Soma kibandiko hadi mwisho. Usizidishe kipimo hata tone. Ukiweza, utoe mche nje ndipo unyunyizie, vaa glavu na ufunike pua, waondoe watoto, na fungua madirisha. Andika tarehe ya kunyunyizia na tarehe ya kuchuma juu ya kipande cha karatasi, ukibandike kwenye gunia lenyewe. Mabaki usiyamwage kwenye sinki wala kuyahamishia katika chupa nyingine.

Na likitokea la kutokea, zijue dalili. Jamii mbili za sumu za wadudu huvuruga mishipa ya fahamu, na aliyedhurika hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, hutapika, hutetemeka misuli, mboni za macho yake huwa ndogo, na hupumua kwa shida. Usimlazimishe kutapika, wala usipoteze wakati kwa kumnywesha maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkimbize hospitalini, na uichukue ile chupa yenye kibandiko. Daktari ana tiba, lakini lazima ajue anapambana na nini. Fikiria ningefika kwake na chupa yangu ya soda.

Magunia yangu yamejazwa udongo mpya. Vidukari wamerejea, kama ilivyo ada yao, nami huamka mapema kuwapangusa nikiwa na kikombe cha maji ya sabuni. Baadhi ya majani yana matundu. Majuzi mke wangu alifunga fungu jingine, lakini safari hii nililipeleka mimi mwenyewe. Mama Shiru alilipokea, akalitazama jani lililotobolewa na mdudu, akaniuliza, "Mwalimu, hili nalo utalirudia?"

Nikamjibu kwamba hilo mdudu amekwisha kulionja, naye yu hai.